Tairi Sita za Safari ya Makka

Panga lilimpata Zumana Drabo kwenye kiganja cha kushoto, likapita kati ya kidole gumba na cha shahada, na bado hakuuachia mkoba. Majambazi walikuwa wanne, wametoka vichakani na vitambaa usoni, kwenye barabara ya vumbi itokayo Léo kwenda Koudougou, saa tisa mchana. Walitaka kitu kimoja tu, ule mkoba wa turubai uliofungwa kwenye usukani. Zumana aliushika kwa mkono uliokatwa, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na kwa mkono wa pili akachomoa pampu ya chuma kwenye fremu ya baiskeli, akampiga nayo mwenye panga mdomoni. Meno yakaruka. Akampiga tena, sasa kwenye goti, na mtu yule akaanguka akilia. Wa pili alikuja na rungu. Akapokewa kwa mnyororo wa akiba usoni, akarudi nyuma ameshika jicho. Waliobaki wakaona huyu si wa kuchezea. Wakamburuta mwenzao vichakani, wakatokomea.

Tasere Nikiema aliyaona yote hayo akiwa mtaroni. Walimwangusha mwanzoni kabisa kwa teke la ubavu, na angeweza kuinuka. Tuseme kweli, angeweza kuinuka. Alilala kifudifudi, daftari lake la hesabu amelikumbatia kifuani, hadi aliposikia kimya.

"Toka huko, mla punda," Zumana alimwambia, akijifunga kiganja kwa shati. "Umeshapiga hesabu wapo wangapi?"

Ilibidi Tasere acheke. Yeye ni Mmosi, Zumana ni Msamo, na makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu wa mababu. Msamo akikutana na Mmosi humwita mtumwa wake, na Mmosi humuuliza leo kala kichwa cha mbwa gani. Mtani ataingia nyumbani kwako achukue kuku wako mchana kweupe, nawe utamwita mwizi mpaka majirani washike mbavu. Ruhusa ni kubwa. Makatazo ni mawili tu, na hayana mjadala: mtani humkasirikii, na damu yake huimwagi. Anayenuna kwa utani huonekana mgonjwa wa kichwa, na anayemwaga damu watu hawana hata jina la kumwita.

Tasere hakuzaliwa na kaka wala mdogo wa kiume. Zumana, fundi baiskeli wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, ndiye aliyemfundisha kuendesha wakiwa wadogo. Baba yake Tasere alipofariki, Zumana alijitosa kwenye mkeka wa maiti, akalala chali, akagoma kutoka mpaka alipwe, kama watani wafanyavyo, hata wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Yule mzee alikufa na kiu ya Makka. Maisha yake yote hakuweza kupata nauli ya ndege na ada za hija. Usiku wa matanga Tasere akapiga hesabu, maana yeye ni karani wa mizani kwenye ghala la pamba na hesabu ndiyo dawa yake ya kila kitu. Akagundua kwamba kwa fedha ya hujaji mmoja wa ndege, watu wawili wangefika kwa baiskeli. Zumana alipoambiwa alisema Mmosi hawezi kufika Makka peke yake, ataishia kwenye banda la punda la kwanza, kwa hiyo na yeye anakwenda.

Waliweka akiba miaka saba. Kwenye daftari kulikuwa na kila kitu: Niamey, Zinder, nchi ya Chad kutoka mwisho hadi mwisho, Sudan, kisha meli ya kuvuka bahari ya Shamu hadi bara la pili. Siku mia na nne. Chakula cha watu wawili faranga elfu moja na mia sita kwa siku, jumla laki moja sitini na sita elfu na mia nne. Viza, sindano, nauli ya meli. Ukurasa mzima ulikuwa wa soda za kuwapoza askari wa mipakani, nchi kwa nchi, na Tasere alikuwa ameulizia bei kwa madereva wa malori kumi na wawili asije akapunja wala kupunjika. Tairi sita ngumu za kuagizwa Lomé, laki moja na arobaini elfu, kwa sababu mchanga wa Chad hula tairi za kawaida kwa wiki moja. Jumla kuu, milioni mbili na laki tatu. Ile ya Léo ilikuwa safari ya majaribio, kupima mizigo na miguu, na kununua dola kwa wabadili fedha wa mpakani. Mkobani mlikuwa na dola hizo na pasi zao mbili.

Kwa hiyo Zumana alikuwa ameiokoa safari kwa kiganja chake. Kidonda kilipona, ila vidole viwili havikukunjika tena.

Na Zumana hakuwa mtu wa kukalia hadithi. Kila kijiwe cha Koudougou kiliipata. Alikuwa anajilaza vumbini, anakumbatia sahani badala ya daftari, anafumba macho na kunong'ona, "Jambazi mmoja, majambazi wawili, nukta, naandika." Watu wanagaragara kwa kucheka, na Tasere anacheka nao, kwani mtani hanuni. Utani wa uongo hauumi. Huu ulikuwa wa kweli, na kila ulipochezwa ulimkwangua mahali palepale.

Wiki sita kabla ya kuondoka, mke wa Zumana, Kadi, akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya kumpa jina Tasere alifika akakuta kondoo wawili wamechinjwa, masufuria ya wali yamepangwa uani, mafuta yanachuruzika. Akashangaa kidogo. Zumana wiki iliyopita alikuwa amekopa sabuni. Akaketi, akapewa sinia lenye paja zima, na baba mtoto akaja kusimama mbele yake hadharani.

"Kula, mtumwa wangu. Hilo paja ni tairi ya mbele."

Watu wakaangua kicheko. Tasere alidhani ni maneno tu, akatafuna. Halafu akamwona mkewe Alizeta, pale kwa wanawake, kainamisha uso. Sanduku la fedha lilikuwa nyumbani kwake, ufunguo alikuwa nao Alizeta. Zumana alikuwa amemwendea asubuhi akamwambia lete ufunguo, nakwenda kumla mume wako, na Alizeta akampa, maana fedha zile zilikuwa zake pia na Msamo akitaka kitu cha Mmosi hapingwi.

"Zumana," Tasere aliuliza kwa sauti ya chini, "zile pesa za tairi ziko wapi?"

"Si ndizo unazotafuna." Zumana akainua kiganja chenye vidole vilivyogoma, wote wakione. "Mkoba niliulipia huku, wewe ukiwa mtaroni unaandika. Leo nimekula riba yangu."

Wazee walicheka hadi wakakohoa. Mmoja alisema haijapata kutokea Mmosi kuliwa vizuri namna ile. Tasere alicheka kuliko wote, akamaliza nyama yote, akasafisha mfupa, akaenda nyumbani, akafunga mlango wa chumba na kuupiga ukuta ngumi hadi ngozi ya vifundo ikachanika na damu ikabaki kwenye chokaa. Alizeta alimkuta amekaa chini.

"Mwambie kuwa umekasirika," Alizeta alisema. "Nyie ni watu wazima."

"Mtu hamkasirikii Msamo wake."

"Basi usikasirike."

"Sijakasirika," alisema Tasere, na damu inamdondoka kwenye suruali.

Hapo ndipo lilipo kosa, na watu wa kule ukiwauliza watakwambia si kosa. Mtu wa kabila lisilo na utani naye angemkwida Zumana shati, wangepigana ngumi mbili tatu, mchezo ungekwisha na tairi zingetafutiwa njia. Tasere hakuwa na ruhusa hiyo. Alirudi kwenye daftari. Akapunguza chakula hadi faranga elfu na mia moja kwa siku. Akauza redio na saa ya marehemu baba yake. Akafuta ukurasa wa soda, akaona bila soda hawatavuka hata mpaka wa kwanza, akaurudisha. Kila alipojumlisha alikosa tairi nne. Siku za meli ya mahujaji nazo hazikumsubiri. Jioni Zumana alikuwa anapita dirishani kumuuliza kama hesabu imekwisha au amuongezee mtaro wa kulala, na Tasere anajibu kwa matusi ya mbwa kama ilivyo desturi. Majirani wanasema hao wawili wakifika Makka watafukuzwa kwa kelele.

Wiki mbili kabla ya safari Tasere aliipakia baiskeli yake mizigo yote, akaikokota hadi sokoni kuipima kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mtama. Soko lilikuwa na homa siku ile. Katika mwezi mmoja pikipiki tatu zilikuwa zimeibwa, na juzi yake mlinzi wa maghala alikutwa na kisu kifuani. Sungusungu walikuwa wamejaa kila kona, vijana wa vijiji vya mbali wenye viboko vya ngozi na minyororo, hawamjui mtu. Mizani ikasema kilo thelathini na nane. Mwenye duka la vipuri wa pembeni akamwambia kwa mzigo huo tairi za kawaida zitapasuka kabla ya Niamey, na zile za Lomé hazipo tena mpaka mwezi ujao.

Wakiondoka mwezi ujao, meli wataikuta imekwenda. Tasere alisimama ameshika penseli. Miaka saba, na baba yake, na mchanga wote wa Chad, vyote vilikuwa vimeliwa kwa wali.

Hapo ndipo Zumana alipotokea nyuma yake, akaipanda baiskeli ile na mizigo yake, akakanyaga kwa nguvu kupita katikati ya vitunguu na mikeka ya wauza samaki wakavu, akicheka na kupiga kengele. Lilikuwa jambo la kila siku. Msamo anachukua cha Mmosi, na Mmosi naye ana kilio chake maalumu, mtoto wa miaka mitano anakijua: mwizi, mla mbwa huyo, mkamateni kabla hajamla na mbwa wangu. Ukishamtaja mbwa, soko zima linajua ni watani. Watu wanajifanya kumzuia, wanamvuta shati, wanamdai pombe ya mtama, wanacheka.

Tasere alilijaza neno mbwa mdomoni. Alilionja kabisa. Kisha akaliacha.

"Mwizi," alipiga kelele. "Kaniibia baiskeli. Mwizi."

Kijana wa kwanza alitia fimbo kwenye spoku. Baiskeli ikasimama ghafla, Zumana akaruka juu ya usukani, akaangukia uso kwenye changarawe. Alikuwa bado anacheka. Aliinua kichwa, damu inamtoka puani, anacheka, akidhani na hao wanacheza.

"Jamani, taratibu, nitalipa pombe," alisema.

Kiboko kikamkata mgongoni. Cha pili kikamkata shingo. Mtu akamkanyaga mkono ule wenye vidole vibovu, mwingine akaja na mchi wa kutwangia akampiga mguu chini ya goti, na mfupa ukalia, Tasere akausikia pale aliposimama. Wanawake walianza kukusanya bidhaa zao wakikimbia. Wanaume walikuja kutoka pande zote na chochote walichokikuta, mawe, vigingi vya vibanda, jiwe la mizani la kilo mbili. Ukishaitwa mwizi sokoni hukuzaliwa na mama. Walimpiga kwa ajili ya pikipiki tatu, na kwa ajili ya mlinzi, na wengine walimpiga kwa sababu walikuwa na mikono na siku ilikuwa na joto.

"Tasere," Zumana aliita kutoka katikati ya miguu. "Mtumwa wangu, waambie hawa."

Na hapo, baina ya miguu hiyo, akamwona. Walitazamana. Tasere alikuwa hatua kumi kutoka pale, penseli mkononi, uso mkavu, mdomo umefungwa. Zumana akaacha kucheka. Hakuita tena.

Tasere alikuwa karani, na hata hilo alilihesabu. Yalipita mapigo kumi na manane kabla hajauinua mguu wake. Baadaye angejaribu kujiambia kwamba alishikwa na bumbuwazi, kwamba miguu ilikufa ganzi. Haikufa. Alikuwa anasikia utamu. Ulikuwa utamu wa kweli, wa mtu mwenye njaa aliyepewa chakula, na ulidumu hadi pigo la kumi na nane, lilipotua, taya la Zumana likahama upande. Kisha akaona kijana anakuja mbio na tairi kuukuu ya gari na dumu la petroli, na utamu wote ukakatika.

Alijitupa kwenye kundi. "Mwacheni, ni mtani wangu. Mla mbwa wangu huyu. Ni Msamo wangu." Hakuna aliyemsikia. Kiboko kilimchana uso kuanzia sikio hadi kidevu. Alimuuma mtu mkono, akampiga mwingine kichwa cha pua, akapigwa mchi wa mbavu ambao ulimkata pumzi, akatambaa hadi juu ya Zumana, akalala juu yake na kumfunika, akipokea mateke na petroli iliyomwagwa, na anapaza sauti ya kulia sasa, "Msamo wangu, mla mbwa, Msamo wangu." Petroli ilimwingia kwenye jeraha la uso. Mwenye kiberiti alikwisha kutoa njiti.

Kiongozi wa sungusungu, mzee mwenye kofia nyekundu, ndiye aliyemshika kijana yule mkono. Yeye alikuwa Mmosi wa kale, na neno lilimfikia. Viboko vikashushwa. Mtu mmoja alianza kucheka kwa woga.

"Ni mtani wako?" mzee aliuliza.

"Ni mtani wangu."

"Mbona hukusema toka mwanzo?"

Tasere alimgeuza Zumana ubavu, damu isimpalie.

Zumana alilazwa hospitali siku sitini na moja. Mguu ulivunjika mara mbili, jicho la kulia likapotea, mbavu nne, na taya likafungwa kwa nyaya, hivyo hakuweza kusema, alikuwa anakunywa uji kwa mrija. Tasere, uso umeshonwa, alilifungua sanduku na kulipa kila dawa na kila daktari. Fedha ya Niamey ilikwenda, ya Zinder, ya meli, na soda za askari wote wa njiani. Akauza baiskeli zote mbili. Hakuona uchungu wa faranga hata moja, na hilo lilimshangaza. Safari ilikuwa imekufa pale sokoni, na alijua ni nani aliyeiua. Alichokuwa anakitaka sasa ni kitu kimoja tu, kidogo, kisichouzwa: siku taya likifunguliwa, Zumana amtukane. Amwite mla punda, amwite mtumwa, ajilaze tena vumbini na sahani yake. Akitukanwa atajua amesamehewa.

Ndugu za Zumana walifika kutoka kwao Tougan wiki ya pili, watu tisa, wakiongozwa na Mzee Lamusa, baba mkubwa wake. Tasere alitoka nje ya wodi akiwa tayari kwa lolote. Alitumaini wamekuja na marungu. Badala yake Lamusa alitoa kamba ya kufungia mbuzi, akamvisha shingoni, akamtembeza uwanja mzima wa hospitali mbele ya wagonjwa.

"Tazameni mtumwa wetu," alisema mzee yule. "Soko zima limemsaidia na bado kashindwa kuua Msamo mmoja."

Wagonjwa wakacheka. Kadi, mtoto mgongoni, naye akacheka kidogo, kwa sababu ndiyo njia iliyowekwa ya kuifunga hasara ya namna ile. Tasere alipiga magoti na kamba yake.

"Baba, nisikilizeni. Sikutania. Nilimwita mwizi kwa makusudi, nikasimama nikatazama. Nilitaka wampige."

Lamusa alimwangalia, kisha akaangua kicheko kikubwa kuliko vyote, akapiga mapaja. Mmosi huyu anajua utani, alisema, anataka tuamini ana ubavu wa kutaka kitu. Tasere akarudia, analia, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kushikana mabega kwa kucheka, hadi shangazi mmoja akaketi chini na kuomba maji. Akataja mapigo kumi na manane. Wakasema hata kwenye kufa kwa mtu Mmosi anaweka daftari. Wakamtoza jogoo mmoja na kibuyu cha pombe, wakampaka majivu usoni juu ya nyuzi za kidonda, wakatangaza kwamba neno limekwisha, lisiende polisi wala kwa chifu. Kwa desturi lilikuwa limekwisha kweli. Tasere alirudi nyumbani na majivu yake, akatamani wangemvunja mguu.

Nyaya zilipotolewa, Zumana akarudishwa kwake. Tasere alingoja siku tatu, akaoga, akavaa, akavuka barabara, na njiani alikuwa anaandaa matusi kama mtu anayekwenda kuposa. Zumana alikuwa uani juu ya mkeka, mkongojo pembeni, kitambaa juu ya jicho.

"Bado uko hai, mla mbwa?" Tasere aliita kuanzia mlangoni. "Mbwa wa mtaa walishaanza kusherehekea."

Zumana alijiinua taratibu hadi akakaa wima, kama mtu anavyojiweka sawa mbele ya mgeni.

"Karibu, Bwana Nikiema," alisema. Taya bado lilikuwa zito. "Kadi, mletee mgeni kiti. Habari za nyumbani? Bibi Alizeta hajambo?"

Katika miaka thelathini hakuwahi kumwita kwa jina la ukoo. Kadi alileta kiti, akaleta na maji, akapiga goti kuyatoa kwa mikono miwili. Tasere hakuyapokea.

"Kiti cha nini? Mimi si mtumwa wako? Niambie nikae na punda wenzangu."

"Samahani, kiti chenyewe ni kibovu kidogo. Tungejua unakuja tungeazima."

"Zumana, nitukane."

"Mtu mzima kama wewe nitakutukanaje, Bwana Nikiema?"

Tasere akaangaza macho huku na huku. Jogoo mwekundu alikuwa anaparura karibu na jiko. Akamrukia, akamkamata mbawa, jogoo akapiga kelele na kumchana mikono, akamwinua juu wote wamwone. Alisema anamchukua, atamla leo na manyoya yake, na Msamo yeyote mwenye nguvu aje amzuie. Alisimama pale anahema. Mtoto alianza kulia ndani, na hakuna aliyecheka.

Zumana alimtazama kwa jicho lake moja. Halikuwa na hasira. Lilikuwa na heshima, ile tunayompa mtu tusiyemjua.

"Kadi," alisema, "mpe mgeni kamba amfunge miguu, asimsumbue njiani."

Kamba ikaletwa. Tasere alimfunga jogoo, akakosea fundo, akarudia. Zumana akaomba mkongojo, akasimama kwa taabu, akamsindikiza hadi kizingitini, akamshukuru kwa kuja kumwona, akamtakia safari njema, ingawa nyumba ya Tasere ilikuwa ng'ambo ya barabara.